Kununua Samaki Bandari ya Kale, Mombasa

Mtu wa bara ahamishwapo kwenda kufanya kazi Mombasa, hukuta majirani zake wakila samaki karibu kila siku, naye hutamani kufanya vivyo hivyo. Siku moja huchukua kikapu, akaenda sokoni jioni baada ya kazi, akachagua samaki mkubwa kwa bei ndogo, akafurahi. Afikapo nyumbani, jirani mmoja wa mwambao humtazama samaki yule na kutikisa kichwa, maana samaki amekwisha kuchina, yaani nyama yake imelegea na kuanza kuharibika. Fedha zimekwenda bure, na watoto hula sima kwa mboga tupu. Tena huyo ana bahati, kwa kuwa wapo wasio na jirani wa kuwaonya, wakapika na kula, kisha wakaishia hospitalini.

Si jambo la kuwacheka watu hao. Zamani makabila mengi ya bara hayakula samaki kabisa, na wazee wengine walimfananisha na nyoka. Hata watu wa kando ya Ziwa, wamjuao ngege, mbuta na omena tangu utoto wao, wafikapo pwani huwakuta samaki wasiowajua kwa jina wala kwa miiba. Mtoto wa Mvita hujifunza habari hizi kwa kumfuata mama yake sokoni, lakini mgeni hana wa kumfuata. Kwa hiyo yafaa soko hili lielezwe kwa utaratibu: njia ya kulifikia, desturi zake, na mambo ambayo mnunuzi hana budi kuyajua kabla hajatoa shilingi yake.

NJIA YA KWENDA SOKONI

Msafiri ajaye kwa gari moshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, hushuka Miritini, nje ya kisiwa, kisha hupanda matatu mpaka mjini. Akifika barabara ya Digo atalikuta soko kubwa liitwalo Marikiti, lililojengwa zamani za Waingereza na kupewa jina la Mackinnon. Hapa ndipo penye nazi, ndimu, ukwaju, pilipili, kitunguu saumu, tangawizi na bizari. Mnunuzi mwenye akili huanza hapa, kwa sababu nazi na ukwaju havioti wala kuoza kwa saa mbili za kutembea, bali samaki hana subira hata kidogo. Viungo hununuliwa kwanza, samaki hununuliwa mwisho, kisha mtu hushika njia ya nyumbani bila kupita kwa rafiki kuzungumza.

Kutoka Marikiti, mtu huingia Mji wa Kale. Njia ni nyembamba, nyumba zimesimama karibu karibu, na juu zina baraza za mbao zilizochorwa. Njia iliyo kubwa kupita nyingine huitwa Ndia Kuu, maana kwa Kimvita njia ni ndia. Upande mmoja ipo Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mtu akiiacha ngome nyuma yake na kuufuata mteremko hufika pwani, kwenye mkono wa bahari wa Tudor. Hapo ndipo ilipo Bandari ya Kale.

Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalitia nanga hapa, yakiletwa na upepo wa kaskazi na kurudishwa na upepo wa kusi. Yalileta tende, mazulia na papa wakavu, yakachukua boriti na pembe. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, meli kubwa zikahamia upande wa Kilindini, na siku hizi majahazi yajayo Bandari ya Kale ni machache. Lakini samaki hawakuhama. Karibu na bandari hiyo ndiko waliko wauzaji wa samaki, na ndiko waendako wapishi wa Mji wa Kale.

SOKONI

Mgeni hutangulia kulijua soko kwa pua, kisha kwa masikio. Sakafu ni maji na magamba. Paka wanene wamelala chini ya meza, nao hawakimbii mtu. Wachuuzi wa baiskeli hufunga makapu yao kwa kamba za mpira wapate kwenda mitaani kabla jua halijawa kali. Wapo pia wanawake waitwao mama karanga, ambao kazi yao ni kukaranga, yaani kukaanga, samaki na kuwauza jioni mlangoni mwa nyumba zao. Hao hutafuta samaki wadogo wa bei nafuu, nao hutazama kila mmoja kwa makini kama karani atazamavyo hesabu zake, kwa kuwa samaki mmoja mbovu akionjwa na mteja, wateja wote wa mtaa hukimbia. Mgeni asiyejua lolote hatapotea akisimama kando dakika 10 na kuwatazama wanawake hawa, aone wanachokishika na wanachokirudisha.

Samaki wenyewe ni wa namna nyingi. Karibu na mwamba, penye nyasi za bahari na matumbawe, huvuliwa tafi, changu, pono na chewa. Hao huvuliwa kwa mishipi, kwa nyavu, na kwa malema, yaani mitego iliyosukwa kwa ufito kama kikapu. Nje ya mwamba, penye maji ya kina, hutoka nguru, jodari, kolekole na nduwaro, ambao huuzwa kwa vipande kwa sababu mmoja aweza kulisha mtaa mzima. Vibua huja kwa mafungu. Pweza na ngisi huwekwa kando. Kamba wengi hutoka upande wa kaskazini, katika ghuba ya Ungwana, mahali mto Tana umwagapo maji yake ya matope baharini. Kaa wakubwa hutoka katika mikoko.

Kila mmoja ana matumizi yake. Tafi na changu ni wa kukaanga au kupaka, kwa kuwa nyama yao ni tamu na hutosha sahani. Chewa ana nyama nyeupe yenye mifupa michache, naye hufaa watoto na wagonjwa. Nguru ni wa mchuzi na wa wageni wa heshima. Pono ana nyama laini inayovunjika upesi, hivyo hafai kugeuzwa geuzwa chunguni. Mnunuzi ajue kwanza anataka kupika nini, ndipo aulize samaki.

UPEPO, MWEZI NA MAJI

Mkulima wa bara hujua kwamba bei ya mahindi hufuata mvua. Vivyo hivyo bei ya samaki hufuata upepo, naye asiyejua jambo hili hudhani wachuuzi humwonea.

Tangu Novemba au Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi. Bahari hutulia, na hata mitumbwi na ngalawa huweza kwenda mbali. Huo ndio wakati wa samaki wengi. Kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba huvuma kusi, mawimbi hupanda, maji huchafuka, na wavuvi wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba au hukaa pwani wakishona nyavu. Wakati huo samaki ni wachache na bei hupanda. Mtu akimkuta nguru kwa bei ndogo sana katika siku za kusi kali, asishangilie. Na aulize kwanza samaki huyo alivuliwa lini, na tangu hapo alilala wapi.

Baada ya upepo huja mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja maji ya bamvua. Bahari hujaa sana na kutoka sana, hata tofauti ya kujaa na kutoka hukaribia mita 4. Katika siku hizo, Mombasa na pwani za jirani, maji hutoka kabisa kiasi cha saa nne asubuhi. Mwamba hubaki wazi, na wanaume kwa wanawake huenda kwa miguu wakitafuta pweza katika mashimo. Kwa hiyo atakaye pweza wa siku ile ile angoje siku za bamvua, na aende sokoni adhuhuri, baada ya wavuvi kurudi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, pweza huwa adimu, na aonekanaye sokoni huenda alivuliwa siku zilizopita.

Tena, usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi hutoka na taa. Mwanga huwavuta dagaa na vibua, nao hukusanyika juu ya maji wakachotwa kwa wavu. Asubuhi yake mafungu ya vibua huwa makubwa na bei huwa nyepesi. Usiku wa mbalamwezi taa ya mvuvi haina nguvu, na mafungu hupungua. Hivyo, mtu mwenye kalenda ukutani, akiziangalia siku za mwezi kama aangaliavyo siku ya mshahara, atajua kabla ya kutoka nyumbani ni samaki gani wa kutazamiwa sokoni.

MACHO, MATAMVUA NA KIDOLE

Baada ya kuijua bahari, mnunuzi na amtazame samaki mwenyewe. Dalili za samaki mzima ni chache, na mtoto wa darasa la nne aweza kuzikariri.

Kwanza ni jicho. Jicho la samaki aliyevuliwa karibuni hujaa na kung'aa, na mboni yake ni nyeusi. Likidumbukia ndani, au likifunikwa na utando mweupe kama maziwa, samaki huyo amekaa. Pili ni matamvua, ambayo yako chini ya kifuniko cha shavu. Kifuniko kiinuliwe. Matamvua yakiwa mekundu kama damu, ni vema. Yakiwa ya kahawia au kijivu, yenye ute mzito, samaki arudishwe mezani. Tatu ni mwili. Bonyeza kwa kidole karibu na mgongo; shimo likirudi upesi, nyama ni imara; likibaki kama alama katika unga uliokandwa, nyama imelegea. Samaki aliyekakamaa kama kijiti, hata akishikwa kichwani mkia haushuki, hajapita muda mrefu tangu afe. Nne ni tumbo, ambalo halipasi kupasuka wala kuvimba. Tano ni harufu. Samaki mzima hunuka bahari na mwani. Harufu kali ichomayo pua haiondolewi na ndimu wala bizari, ijapokuwa wako wapishi wanaojidanganya.

Wale wa namna nyingine wana dalili zao. Kichwa cha kamba kishikamane na mwili, wala kisiwe na weusi. Nyama ya ngisi iwe nyeupe yenye kung'aa; ikianza kuwa ya waridi, amezeeka. Ngozi ya pweza isiambuke kwa kuguswa. Kaa anunuliwe akiwa hai, miguu ikicheza, na awe mzito mkononi kuliko ukubwa wake. Kaa aliyekufa zamani asiletwe nyumbani kwa bei yoyote. Kwa samaki wa vipande, itazamwe rangi: nyama ya jodari iwe nyekundu, na ikigeuka kahawia, siku zake zimepita. Ni bora kumwomba muuzaji akate kipande kingine mbele ya macho, kuliko kuchukua kile kilichokuwa kimelala juu ya meza tangu asubuhi.

Hakuna ubaya wa kumgusa samaki, wala muuzaji mwema hachukizwi na maswali. Lakini maswali yaulizwe kwa adabu ya mwambao. Mtu husalimu kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu samaki."

"Ahsante. Changu hawa wametoka leo?"

"Hawa wa mbele wametoka alfajiri. Wale wa nyuma ni wa jana, wamelala barafuni. Bei yao ni mbali."

Muuzaji ajibuye hivyo ni wa kushikwa na kufanywa rafiki. Samaki wa jana aliyelala barafuni tangu alipotoka majini ni bora kuliko samaki wa leo aliyelala juani tangu asubuhi, kwa sababu joto la Mombasa hufikia nyuzi 30 na zaidi, na joto hilo humharibu samaki kwa saa chache, lakini barafu huchelewesha uharibifu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo swali la maana ni mawili katika moja: alivuliwa lini, na alilala wapi?

BEI NA MIZANI

Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi, na katika soko la samaki methali hii hutimia kila siku. Jioni bei hushuka. Mchuuzi hutaka kurudi kwake, hana mahali pa kumlaza samaki, na kila dakika ipitayo mali yake hupungua thamani. Mnunuzi hudhani amepata faida, kumbe amenunua hasara ya mwenziwe. Wakati mzuri ni asubuhi, vyombo vinaporudi, au adhuhuri katika siku za bamvua. Ijumaa, ikaribiapo sala, wauzaji wengi hufunga makapu yao waende msikitini, basi mtu asichelewe.

Tena kuna hesabu ambayo makarani hawana budi kuifahamu. Samaki mzima akitolewa utumbo, magamba, kichwa na mifupa, nyama tupu ibakiayo ni nusu ya uzito wake, na mara nyingi hupungua nusu. Tuseme samaki mzima ni shilingi 400 kwa kilo, na kando yake kuna vipande visivyo na mfupa kwa shilingi 700. Mgeni husema vipande ni ghali. Lakini kilo ya nyama tupu kutoka kwa samaki yule mzima itamgharimu shilingi 800 au zaidi. Hata hivyo, mama wa nyumbani ajuaye kupika mchuzi wa kichwa hatupi kitu, na kwake samaki mzima ndiye nafuu. Kila mtu afuate hesabu ya nyumba yake, na atazame mizani isimame kwenye sifuri kabla samaki hajawekwa.

Katika masoko haya hupatikana vijana wenye visu ambao kwa malipo kidogo humpaa samaki magamba na kumtumbua. Malipo hayo hayapotei, hasa kwa tafi, ambaye miiba yake ina sumu ichomayo vibaya. Akimchoma mtu, mkono uloweshwe katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, na maumivu yatapungua.

HATARI AMBAZO MOTO HAUZIONDOI

Watu wengi wa bara huamini kwamba kitu kikichemshwa sana hakina madhara tena. Kwa maji ya kisima hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Kwa samaki kuna mambo matatu ambayo moto hauyawezi, na ni vema yakaririwe katika kila nyumba.

La kwanza ni la jodari, nguru, vibua na jamaa zao. Samaki hawa wakikaa katika joto, vijidudu hufanya katika nyama yao kitu kiitwacho histamini. Alaye huhisi ulimi ukiwasha kama pilipili, uso huwa mwekundu, kichwa huuma, mwili hutoka vipele na moyo hudunda. Hutokea baada ya dakika chache au saa chache. Kukaanga, kuchemsha na hata kugandisha hakuiondoi. Dawa yake ni kuizuia tu, kwa barafu tangu chomboni mpaka jikoni. Aliyepatwa na dalili hizi apelekwe kwa tabibu upesi.

La pili ni bunju, samaki ajifurishaye kama mpira. Ndani ya ini, mayai na ngozi yake mna sumu ilegezayo viungo hata mtu asiweze kuvuta pumzi. Wavuvi humtupa, wala hauzwi na mtu mwenye akili. Lakini watoto humwokota ufukoni, na mgeni asiyemjua huenda akampokea kama zawadi.

La tatu ni kasa. Nchini Kenya sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 humlinda, na mtu hana ruhusa kumwua wala kuuza nyama yake. Mbali na sheria, nyama hiyo pengine huwa na sumu ambayo haionekani kwa jicho wala kwa ladha. Mwezi Machi, mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi walilazwa. Waliokula walikuwa watu wa bahari, wazoefu kuliko mgeni yeyote, na uzoefu wao haukuwaokoa.

JIKONI

Samaki akifika nyumbani aoshwe kwa maji safi, afutwe, na kama hapikwi papo hapo awekwe katika barafu au jokofu. Atiwe chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, akae kwa muda wa kukuna nazi. Asiachwe katika ndimu tangu asubuhi hata jioni, kwa maana ndimu hukaza nyama na kuifanya kavu.

Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakandwa na maji kidogo na kuchujwa. Tui la kwanza, zito, ndilo kasimile, nalo huwekwa kando. Tui la pili, jepesi, ndilo la kupikia. Kwa mchuzi, kitunguu na nyanya huiva kwanza pamoja na bizari, tui jepesi hutiwa, samaki huingizwa, na chungu hakikorogwi kwa mwiko, bali hutikiswa ili vipande visivunjike. Kasimile hutiwa mwisho kwa moto mdogo. Likichemka kwa nguvu hukatika, mchuzi ukawa kama maziwa yaliyoganda. Maji ya ukwaju hufuata, na chungu huepuliwa.

Kwa samaki wa kupaka, tafi au changu huchanjwa ubavuni na kuchomwa juu ya makaa hata karibu kuiva. Kando yake kasimile hupikwa pamoja na ukwaju, pilipili na bizari mpaka liwe zito, kisha samaki hupakwa na kurudishwa kwenye makaa, upande huu na upande huu, mara mbili au tatu. Pweza hupigwa kwanza apate kulainika, kisha huwekwa chunguni bila maji, kwa kuwa hutoa maji yake mwenyewe ya kutosha. Wapishi wengi wa bara humtia maji na chumvi pamoja, wakapata kitu kigumu kama mpira na chenye chumvi isiyolika.

SAMAKI WADOGO

Limebaki jambo moja, nalo si la jikoni. Mara nyingine sokoni huonekana mafungu ya tafi na changu walio wadogo kama kidole. Bei yao ni ndogo, na mtu mwenye watoto wengi hushawishika. Wengi wa samaki hao hutoka katika juya, wavu ukokotwao pwani ambao hukomba wakubwa kwa wadogo na kung'oa nyasi ambamo samaki huzaliana. Serikali ililipiga marufuku juya mwaka 2001, pamoja na bunduki ya mkuki. Tangu mwaka 2007 kanuni zimewapa wavuvi wa kila diko chama chao cha kuangalia pwani yao, kiitwacho BMU. Lakini chama hakiwezi kusimama nyuma ya kila meza ya soko.

Mkulima hali mbegu zake, hata mwaka wa njaa, maana ajua mwaka ujao atapanda nini. Tafi mdogo ni mbegu ya bahari. Anunuapo mtu fungu la namna hiyo humlipa mvunja sheria, na humwambia mvuvi mwenye wavu halali kwamba uvumilivu wake hauna malipo. Akimpita mwuza wadogo na kumnunua changu mmoja wa kutosha, hata ikiwa ni mara moja kwa juma, amekula chakula kizuri na amesaidia wavuvi wapate kitu mwaka ujao.

Mnunuzi wa namna hiyo hujulikana upesi katika soko la Bandari ya Kale. Baada ya miezi michache wauzaji hawamtolei tena samaki wa nyuma ya meza, kwa kuwa wanajua atainua shavu na kutazama matamvua. Humwambia wenyewe, "Leo usinunue, bwana, upepo ni mbaya, njoo kesho kutwa." Na maneno hayo kutoka kwa mchuuzi yana faida kuliko punguzo lolote la bei.